Piano ilipiga vizuri, ikagoma kurekodi: kisa cha emuleta ya flopi kwenye Disklavier ya kanisa

Naandika hii ndefu sababu nimeshaulizwa na watu watatu tofauti jinsi nilivyofunga emuleta ya flopi kwenye piano na kila mmoja namjibu nusunusu kwenye simu nikiwa barabarani, sasa bora niiweke yote mara moja. Ni piano moja tu, Disklavier ya wima ya Yamaha, ya kizazi cha kwanza, iko besimenti ya kanisa moja huku Minnesota ambako ibada ya Kiswahili inaanza saa nane mchana wenyeji wakishamaliza yao. Aliyetupa ni bibi mmoja muumini wa hapo, alikuwa mwalimu wa piano miaka yote, alikuwa anahamia nyumba ya wazee na huko piano haiingii. Ilikuja na boksi la viatu limejaa flopi, zile diski bapa za kompyuta za zamani, zimeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya wanafunzi wake.

Kwa asiyeijua, Disklavier ni piano ya kweli kabisa, nyuzi, nyundo, mbao, sio kinanda cha umeme. Ila ndani kila kii ina solenoidi yake, yani sumaku ya umeme inayoisukuma, na kuna sensa zinazoangalia kii na nyundo zinavyokwenda. Ukipiga, sensa zinaandika kii gani, saa ngapi, kwa nguvu kiasi gani, pedali iko wapi. Ukirudisha, zile solenoidi zinapiga piano upya mbele ya macho yako bila mtu. Japani walianza kuiuza 1982, Marekani ikaingia 1987, na wakati huo kitu cha kuhifadhia kilikuwa flopi ya inchi tatu na nusu. Wazo lenyewe ni la zamani, kina Welte kule Ujerumani walishakuwa wanarekodi wapiga piano kwenye karatasi ya matundu toka 1904, flopi ni karatasi ileile imebadilika nguo.

Kuna kitu watu hawakielewi na mimi mwanzoni sikukielewa. Rekodi hii haina sauti ndani. Ni maagizo tu, kama karatasi ya dawa. Ukirekodi leo piano ikiwa imelegea tuning, mwezi ujao fundi akiikaza, rekodi yako ya leo itapiga kwenye piano iliyokazwa, safi. Na wimbo mzima ni kitu kidogo sana, piga hesabu: wimbo wa sauti nne wa dakika nne, mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, noti kama 1440, kila noti baiti kama nane ukiweka kubonyeza na kuachia, haifiki hata kilobaiti 12, ongeza pedali hapo, bado ni kidogo. Ndio maana flopi ya kilobaiti 720 iliwatosha hawa watu.

Sasa kwa nini sisi tulitaka kurekodi na sio kusikiliza tu. Mpiga kinanda wetu anafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi jioni, muda ambao yeye ndo anaingia kazini. Kwa miaka miwili kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kwa sauti ya simu ya Mwalimu wa kwaya, ile spika ya simu inayokoroma, besi hawasikii chochote, tenor wanabuni. Piano ilipofika Mwalimu akaniambia, "Fundi, hii ikiweza kumshika kijana anavyopiga ikamrudisha Alhamisi, mmeniokoa." Plani ikawa hivi: mpiga kinanda akitoka kazini Jumamosi saa moja asubuhi apite kanisani, apige nyimbo za wiki, aondoke akalale, Alhamisi piano ipige yenyewe.

Draivu ya flopi ya ndani ilikuwa imekufa. Mkanda wake wa mpira ulishageuka lami, unashika vidole. Nikaubadilisha, nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma diski, kwa spiriti, ikaanza kusoma flopi mbili tatu halafu inalia grrr grrr na kusimama. Flopi zenyewe zilikaa besimenti nyingine miaka mingi, ukisogeza kile kibati unaona ukungu mweupe juu ya diski. Unaweka diski ya ukungu, inachafua hedi, hedi chafu inakwangua diski ya pili. Nikaacha. Kununua mpya? Hizi piano zinataka DD, zile za kilobaiti 720, na hizo ndo adimu kuliko HD, zile za megabaiti 1.44, Sony mwenyewe aliacha kuuza flopi Machi 2011. Kuna ujanja wa kubandika selotepu kwenye tundu la HD ili ionekane DD, nimeufanya, inarekodi leo na wiki ijayo haisomeki, sababu ile dawa ya sumaku kwenye HD sio ileile. Kwa nyimbo za kwaya ningevumilia. Kwa hasira za Mwalimu hapana.

Basi emuleta. Hiki ni kiboksi cha saizi ileile ya draivu ya flopi, kinaingia kwenye tundu lilelile na kebo ileile ya pini 34, ila mbele badala ya mdomo wa diski kuna tundu la flashi. Piano inadhani inaongea na flopi. Ndani ya flashi unaweka imeji, kila imeji ni flopi moja nzima, unachagua namba kwa batani. Zipo zinazouzwa maalum kwa piano, unalipa dola mamia, zinakuja zimesetiwa. Na ipo Gotek, ya Kichina, ya bei ya chakula cha watu wawili. Mimi nikachukua Gotek kwa ubahili na kwa kiburi, nakiri.

Gotek ile ya kawaida inayouzwa kila mahali, ikitoka boksini, inaigiza flopi za 1.44 tu. Ukiichomeka kwenye piano ya 720 inawaka vizuri, namba zinaonekana, piano inasema hakuna kitu. Watu wengi wanaishia hapa wanasema emuleta hazifai kwa piano. Sio hivyo. Diski ya 720 ina sekta (vipande) 9 kwa kila treki (mzunguko mmoja wa diski) na data inatembea kilobiti 250 kwa sekunde, ya 1.44 ina sekta 18 na inatembea mara mbili yake, kwa hiyo piano ya zamani inasikiliza taratibu na mwenzie anaongea haraka, hawaelewani hata neno. Dawa ni kubadilisha programu ya ndani ya Gotek, ukaweka FlashFloppy ya Keir Fraser, ya bure, inayosoma imeji yenyewe na kuiga kasi inayotakiwa. Niliiweka kwa kebo ya USB ya dume kwa dume na jampa moja (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili), nusu saa, zaidi ya nusu ya hiyo nusu saa nilikuwa natafuta kebo.

Kwenye kufunga nilikutana na mambo mawili. La kwanza kebo, ule upande wenye mstari mwekundu ni pini namba moja, ukigeuza taa ya emuleta inawaka moja kwa moja haizimi, haiungui ila haifanyi kazi, geuza tu. (Ukifungua ukakuta kebo nyembamba bapa ya pini 26, simama hapohapo, umeme unapita kwenye kebo ileile, hiyo ni kazi nyingine.) La pili ni jampa ya S0 au S1, inayosema draivu ni namba ngapi, na mstari wa interface kwenye FF.CFG, faili la mipangilio ya FlashFloppy. Kompyuta za mezani zilikuwa na kebo iliyosokotwa katikati, ndio maana draivu zake zilikuwa zinawekwa S1. Kebo ya piano yetu imenyooka, ikataka S0. Halafu pini ya 34, kwa kompyuta inamaanisha "diski imebadilishwa", kwa vifaa vingi vya muziki inamaanisha "draivu iko tayari". Ukikosea hapo piano inasubiri diski milele kama mtu anasubiri daladala barabara iliyofungwa. Kwenye ule mstari wa interface nilianza na ibmpc ikagoma, nikaweka shugart ikakubali. Yako inaweza kuwa kinyume, jaribu zote mbili, ni mstari mmoja tu.

Bahati nzuri mtoto wa yule bibi alishawahi kuzihifadhi flopi za mama yake kwenye CD zikiwa bado nzima. Nikazihamishia kwenye flashi, nikazipa majina ya DSKA0000.IMG, DSKA0001.IMG na kuendelea, nikawasha, nikabonyeza play. Piano ikapiga. Kii zinashuka zenyewe, mtoto fulani wa miaka ya tisini anapiga zoezi lake anakosea palepale mara mbili. Mama mmoja wa usafi akatoka mbio kuangalia nani yuko besimenti. Nikapiga video nikatuma kwenye grupu la kwaya, watu wakatuma mioyo, na mi nikaenda nyumbani nikijua kazi imeisha.

Kumbe nilikuwa nimejaribu nusu moja tu ya kazi, na ile nusu rahisi. Kupiga ni kusoma peke yake. Kurekodi ni kuandika, na kuandika kuna njia yake ambayo hakuna hata hatua moja niliyokuwa nimeigusa.

Jumamosi saa moja na robo asubuhi simu ya mpiga kinanda. "Kaka, inakataa, inasema diski imefungwa." Nikamwambia angalia kibati cha kulinda, kile kidude cha kwenye kona ya flopi kinachozuia kuandika, halafu nikajicheka mwenyewe, kibati kipi tena, hakuna diski. Nikaenda. Ilikuwa kweli, kila imeji nikichagua piano inaona imelindwa isiandikwe. Kwenye FF.CFG nilikuwa sijaweka ulinzi wowote. Nilihangaika karibu saa nzima na jampa, nikashuku kebo, nikashuku pini ya ulinzi, hadi nikachomoa flashi nikaiweka kwenye laptop kuangalia mafaili. Yote yana alama ya kusoma tu. Yametoka kwenye CD, na vitu vya CD havifutiki, kwa hiyo yalipokopiwa yalibeba ile alama hadi kwenye flashi, na FlashFloppy inaiheshimu: faili la kusoma tu kwake ni flopi iliyofungwa kibati. Nikaitoa ile alama kwenye mafaili, dakika moja. Saa nzima kwa dakika moja, na huyu kijana ametoka kuinua wazee usiku kucha amekaa kwenye benchi amelala ameegemea piano.

Hapohapo nikatengeneza imeji mpya tupu badala ya kuandika juu ya nyimbo za wanafunzi wa bibi. Na hapa nisikilize vizuri: faili tupu liwe baiti 737,280 kamili, ndio 80 mara 2 mara 9 mara 512. FlashFloppy inatambua aina ya diski kwa ukubwa wa faili, ukitengeneza la 1.44 kwa mazoea piano haitalitaka. Halafu usiliformati kwenye laptop, chagua namba yake kwenye emuleta na uiachie piano iformati yenyewe kwa batani zake. Inatembea treki kwa treki, namba kwenye kioo kidogo cha emuleta inapanda hadi 79, ni raha kuangalia.

Akapiga nyimbo tatu. Akazisikiliza, ziko. Akaenda kulala. Alhamisi Mwalimu anawasha piano mbele ya watu 22, imeji tupu. Hakuna hata wimbo mmoja.

Sikutaka kubahatisha tena, nikachukua ile imeji nyumbani nikaifungua kama namba tupu, baiti kwa baiti. Diski ya 720 ya kawaida imepangwa hivi: sekta ya kwanza kabisa ni ya utangulizi, zinafuata sita za ramani, zinazosema kipande gani cha diski ni cha faili gani, halafu saba za orodha ya majina, halafu ndo vitu vyenyewe. Nikakuta vitu vyenyewe vipo! Huko mbele kumejaa data, unaona kabisa sio sifuri, noti za kijana zimo. Ila orodha ya majina ni safi kama siku ya kuformati. Yani mzigo ulishushwa gari likaondoka kabla karani hajaandika kwenye daftari.

Nikampigia nikamuuliza ulizimaje. Akasema alibonyeza stop, akachomoa ekstensheni ukutani kama anavyofanya siku zote sababu mzee wa kanisa ameagiza kila kitu kichomolewe. Na kusikiliza je, si alizisikiliza zikapiga? Zilipiga, piano ilikuwa bado inazo kwenye memori yake. Hapo ndo tuligundua ile taa ya emuleta inaendelea kuwakawaka sekunde kadhaa baada ya stop, halafu inatulia, halafu inawaka tena kidogo. Ule mwako wa mwisho ndio karani anaandika daftari. Flopi ya zamani ilikuwa inakwambia kwa kelele, grr grr, mtu alikuwa anajua bado inafanya kazi hata bila kuangalia. Emuleta ni bubu. Kuna emuleta zinauzwa na kispika kidogo ndani ili itoe ule mlio wa draivu na mimi nilidhani ni utoto, sasa nimeelewa.

Kitu kingine kilichochangia ni flashi. Ilikuwa ya bure ya maonyesho ya benki, zile za kugawa. Kusoma iko sawa, kuandika inasita, wakati mwingine inakaa kimya sekunde nzima nzima kabla ya kukubali data, na kwa hiyo ule mwako wa mwisho ulikuwa unachelewa zaidi. Nimeweka nyingine ya kampuni inayojulikana, ndogo tu, FAT32, mwako unakwisha haraka. 

Balaa la mwisho halikuwa la emuleta, lilikuwa la ujanja. Mpiga kinanda ana akili ya kompyuta, akasema Pasaka inakuja, nachukua nyimbo nne kutoka imeji tatu tofauti naziweka kwenye imeji moja ili Mwalimu asibadilishe namba. Akafungua imeji kwenye laptop, akaburuta mafaili ya .FIL, akarudisha. Laptop inayaona yote manne. Piano inaona moja. Hizi Disklavier za mwanzo zinatumia muundo wa Yamaha unaoitwa E-SEQ, na ndani ya kila diski kuna faili linaitwa PIANODIR.FIL, ambalo ndo orodha ya nyimbo. Piano inasoma hilo faili, haiangalii kuna nini kingine. Ukiongeza wimbo bila kumwambia PIANODIR, huo wimbo ni mgeni asiye kwenye kadi za mualiko, anasimama getini. Zipo programu ndogo za zamani za kutengeneza hilo faili upya na kugeuza MIDI (lugha ya kawaida ya vinanda na kompyuta) kuwa E-SEQ, zinafanya kazi, ila kwa mtu aliyetoka shifti ni usumbufu. Tukakubaliana nyimbo zinazotakiwa pamoja zirekodiwe pamoja toka mwanzo.

Najua kuna mtu ataniuliza mbona hukuchomeka laptop kwenye MIDI OUT ukarekodi huko ukasahau flopi. Swali la haki, na kama ni mtu mmoja nyumbani kwake mwenye laptop ya kudumu pembeni ningemwambia afanye hivyo. Kwetu laptop ingekuwa ya nani? Ingebaki besimenti? Halafu kurudisha kupitia MIDI IN kuna mchezo wake, Disklavier inachelewesha kila kitu nusu sekunde kwa makusudi ili noti laini na noti kali zigonge kwa pamoja, sababu nyundo ya polepole inachukua muda mrefu kufika kwenye uzi. Ukiwa umepanga laptop itoe na ngoma kwenye spika, piano inakuja nusu sekunde nyuma, kwaya inachanganyikiwa. Inarekebishika lakini sio na Mwalimu wa miaka 67 anayetaka batani moja.

Diski za dukani za Yamaha zilizokuwa na ulinzi wa kukopi sijazigusa, zilikuwa nne kwenye boksi, zimebaki humohumo.

Sasa hivi iko hivi. Namba 00 hadi 18 ni za wanafunzi wa bibi, na hizo nimezirudishia ile alama ya kusoma tu kwa makusudi safari hii, hakuna atakayezifuta kwa bahati mbaya. Namba 20 ni ya wiki hii, 21 ya wiki ijayo, 30 ya misiba, sababu misiba haisubiri shifti. Kila mwisho wa mwezi nakopi flashi nzima kwenye laptop yangu. Pembeni ya emuleta nimebandika karatasi: TAA IKIWAKA USICHOMOE, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu "hata mzee akisema", mwandiko naujua. Bibi alikuja Jumapili moja kututembelea, tukamwekea namba 04, akasikiliza kidogo akasema huyo alikuwa hafanyi mazoezi kabisa, na akamtaja jina.

Kilichobaki kunisumbua ni kii moja ya juu, solenoidi yake inachelewa kuachia kukiwa na baridi, noti inajirudia mara mbili hasa Januari asubuhi kabla hita haijashika. Soprano wameshaizoea, wanaiimba.